Kutoka Unyapara hadi Udhibiti: Historia Fupi ya Maneno ya Kusimamia Kazi Arusha na Meru

Watafsiri wa vitabu vya uongozi wa biashara, walimu wa vyuo na maofisa utumishi hukumbana mara kwa mara na maneno matano yanayokaribiana maana: kusimamia, kufuatilia, kukagua, kutathmini na kudhibiti. Wengi huyatumia kana kwamba ni neno moja lenye sura tano. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba mchanganyiko huo haukutokana na uzembe wa watumiaji peke yake. Una historia, na historia hiyo inaonekana vizuri katika mji wa Arusha na miteremko ya Mlima Meru, mahali ambapo shamba la kahawa, kiwanda na ofisi vimekuwa majirani kwa muda mrefu.

Mnyapara, kipande na debe

Neno mnyapara lilienea na misafara ya biashara ya karne ya 19. Kwa asili mnyampara wa Wanyamwezi alikuwa mzee wa watu, mwenye heshima, aliyeweza kuwasemea wapagazi mbele ya mwenye mali. Kirangozi alitangulia na kuonyesha njia. Mnyampara aliwatunza watu wake.

Ukoloni uliligeuza neno hilo. Boma la Wajerumani la Arusha lilijengwa mnamo mwaka 1900 kwa kazi ya kulazimishwa ya Waarusha na Wameru, na baadaye walowezi walifungua mashamba yao katika ardhi ya mlima. Katika kazi za namna hiyo mnyapara hakuwa tena msemaji wa watu. Akawa jicho la mwajiri lililosimama nyuma ya mgongo wa kibarua. Cheo kilibaki na jina lake, lakini heshima iliyokuwa ndani yake ilitoweka.

Pamoja na mnyapara kilikuja kipande. Katika mashamba ya Tanganyika, hasa ya mkonge, kibarua alipewa kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi. Kila siku aliyotimiza kazi aliyopangiwa ilitiwa alama, na mshahara ulilipwa kadi ilipojaa. Katika kahawa kipimo kilikuwa debe: mchumaji alilipwa kwa idadi ya madebe aliyoyajaza.

Tuvitazame vipimo hivi kwa makini. Mnyapara aliuangalia mwili wa mtu, kipande kilihesabu siku, na debe lilipima wingi. Hakuna hata kimoja kilichosema kama kazi ilikuwa njema. Mchumaji anayelipwa kwa debe tu hana sababu ya kuziacha mtini punje mbichi. Zikichanganywa na zilizoiva, debe hujaa upesi zaidi. Kahawa huharibika hapo, lakini hasara yake huonekana baadaye sana, inapopangwa katika madaraja na kufikishwa mnadani Moshi. Wakati huo mchumaji amekwisha kulipwa, msimu umepita, na hakuna la kurekebisha.

Ni vyema tukumbuke kwamba Kiswahili chenyewe hakikukosa wazo bora zaidi. Ngwe ni sehemu ya shamba ambayo mtu hupewa ailime. Mipaka yake hujulikana kabla jembe halijainuliwa, na mkulima mwenyewe hujua amefika wapi na amebakiza nini. Ndani ya neno hilo dogo mna shabaha, kipimo na ulinganisho, pasipo mtu wa kusimama nyuma ya mwingine.

Azimio, Mwongozo na viwanda

Mwishoni mwa Januari 1967 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha na kupitisha Azimio, lililotangazwa tarehe 5 Februari. Njia kuu za uchumi ziliwekwa mikononi mwa umma, na mameneja wa mashirika wakawa watumishi wa taifa. Mwaka 1968 liliundwa Shirika la Ukaguzi la kukagua hesabu za mashirika hayo. Arusha yenyewe ilipata kiwanda cha matairi cha General Tyre, ubia wa serikali na kampuni ya Kimarekani, kilichoanza uzalishaji mwaka 1971 na kuusimamisha mwaka 2009.

Mwaka huo huo wa 1971 ulitoka Mwongozo wa TANU, ambao katika ibara yake ya 15 ulimkataza kiongozi kuwa na kiburi, dharau na uonevu. Wafanyakazi waliisoma ibara hiyo kwa makini. Katika miaka iliyofuata ilitokea migomo kadhaa viwandani nchini, na malalamiko mengi hayakuhusu mshahara bali jinsi mameneja walivyowatendea watu. Unyapara likawa jina la ovu.

Kwa maoni yetu, hapa ndipo upungufu wa istilahi ulipoleta madhara. Kumwonea mtu na kuipima kazi vilikuwa vimeishi chini ya paa moja la neno kusimamia. Meneja aliyeogopa kuitwa mnyapara aliweza kuacha kupima kabisa. Na mfanyakazi aliyeulizwa kwa haki kwa nini mashine imesimama aliweza kuona kwamba anaonewa. Jambo halali halikuwa na jina lake lenyewe.

Maneno matano, kazi tano

Wataalamu wa uongozi hueleza udhibiti kuwa mzunguko wa hatua nne: kuweka kiwango, kupima utendaji, kulinganisha kilichopimwa na kiwango, na kurekebisha mkengeuko. Bila hatua ya nne, tatu za kwanza ni uandishi wa taarifa tu. Kwa mujibu wa mzunguko huo tunapendekeza matumizi yafuatayo:

Kusimamia ni kuwaongoza watu na kazi kwa jumla. Kufuatilia ni kukusanya habari za kazi wakati inaendelea. Kukagua ni kuchunguza kilichokwisha kufanyika. Kutathmini ni kutoa hukumu juu ya thamani au ubora wake. Kudhibiti ni kuhakikisha kwamba kazi haitoki katika kiwango, na ikitoka irudishwe.

Tofauti hii si ya kubuni. Ibara ya 143 ya Katiba ya mwaka 1977 inamtaja Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Kama mdhibiti, huhakikisha kwamba fedha zinazotoka zimeidhinishwa. Kama mkaguzi, huchunguza zilivyotumika. Laiti maneno hayo yangekuwa na maana moja, cheo kimoja kisingehitaji yote mawili.

Watumishi wa umma wanalo somo lao pia. Kwa miaka mingi walipimwa kwa taarifa za siri ambazo hawakuziona. Mwaka 2004 ulianzishwa mfumo wa wazi wa mapitio na tathmini ya utendaji kazi, ambapo mtumishi na msimamizi wake walikubaliana malengo mwanzoni mwa mwaka. Baadaye mfumo huo uliupisha ule wa kielektroniki. Kukubaliana malengo mapema ni kurudi kwenye ngwe: mtu aijue mipaka kabla ya kushika jembe.

Tunatoa ushauri mmoja kwa watafsiri. Kitenzi kudhibiti kipewe yambwa ya kazi, gharama, ubora au muda, wala kisipewe mtu. Tuandike “kudhibiti ubora wa kahawa”, tusiandike “kudhibiti wachumaji”. Anayeandika hili la pili amemrudisha mnyapara shambani bila ya kujua.

Tunawaomba wasomaji, hasa walio viwandani na mashambani, watuletee maneno wanayoyatumia kazini, ili mapendekezo haya yapimwe, yalinganishwe na, inapobidi, yarekebishwe.