Paro
Paro ni roboti ya kuliwaza wazee, yenye umbo la mtoto wa sili mwenye manyoya meupe. Ilibuniwa Japani na mhandisi Takanori Shibata, aliyeanza kazi hiyo mwaka 1993, na ikaanza kuuzwa nchini humo mwaka 2005. Ina urefu wa sentimita 57 hivi na uzito wa takriban kilo 2.7, karibu sawa na mtoto mchanga, hivyo hupakatwa kwa urahisi. Vihisio vilivyofichwa ndani yake hutambua mguso, mwanga, sauti, joto na mkao. Ikipapaswa hufumba macho na kulia kama sili, na polepole huzoea jina inaloitwa. Sili alichaguliwa makusudi: roboti ya paka iliyojaribiwa awali ililinganishwa na paka halisi ikaonekana pungufu, ilhali ni wachache waliowahi kumshika sili. Hutumika hasa katika nyumba za wazee, kwa wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Mwaka 2009 ilitambuliwa Marekani kuwa kifaa cha tiba. Sherry Turkle, mtafiti wa Marekani, ametoa pingamizi zito: mzee huisimulia Paro huzuni zake, lakini yenyewe haielewi lolote.