Fundisho la Kasapa: kuchanganyika si kuaminiana

Wazazi na wandugu mliokimbia makwenu, nanyi viongozi wa mitaa, leo ninawaletea habari ya zamani kidogo, kwa sababu inatuhusu hapa tulipo.

Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa karibu na Léopoldville mwaka 1954. Cha Elisabethville kilifuata mwaka 1956, na cha Stanleyville mwaka 1963. Agosti 1971 serikali ya Mobutu iliviunganisha vyote vitatu kuwa kimoja, na kila mji ukapewa masomo yake. Kijana wa Bukavu aliyetaka sheria alikwenda Kinshasa, akazoea Kilingala. Wa Mbandaka aliyetaka historia alifika Lubumbashi, akazoea Kiswahili.

Serikali haikufanya hivyo kwa upendo. Ilitaka kuwashika vizuri wanafunzi, maana tarehe 4 Juni 1969 waliandamana Kinshasa na askari wakawapiga risasi. Lakini watoto wa majimbo yote walilala chumba kimoja na kula sahani moja. Wengi walijifunza huko kwamba jirani si adui.

Je, hiyo ilitosha? Haikutosha. Serikali iliweka wapelelezi kati ya wanafunzi, na kila mmoja akaanza kumwogopa mwenzake. Mei 1990, majuma machache baada ya Mobutu kuruhusu vyama vingi, wanafunzi wa Lubumbashi waliwapiga wenzao waliowashuku kuwa wapelelezi. Kisha, usiku wa tarehe 11 kuamkia 12, watu wenye silaha waliingia Kasapa, mahali wanafunzi walipolala. Waliopona walisimulia kwamba watu walichaguliwa kwa jimbo na kwa lugha: huyu apite, huyu apigwe. Hesabu ya waliokufa inabishaniwa hadi leo.

Tazameni, wandugu: lugha waliyojifunza ili wasalimiane iligeuzwa kuwa kipimo cha nani aishi. Wanafunzi waligawanywa, na mwenye faida alikuwa yule aliyewagawanya. Wazee walisema: vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Tangazo la Haki za Binadamu la mwaka 1948, kifungu cha 26, linasema elimu iendeleze maelewano, uvumilivu na urafiki kati ya mataifa yote na makundi yote ya rangi na ya dini. Maneno hayo si ya chuo kikuu peke yake. Watoto wenu leo wanakaa benchi moja na watoto wa makabila ambayo hamkuyajua kijijini. Hiyo ni shule kubwa, lakini bila haki itaharibika kama Kasapa.

Basi, kiongozi, unapoandika orodha ya chakula, usianze kwa kuuliza kabila. Uliza nani ana njaa. Mtu akishukiwa, apelekwe mbele ya wazee wa pande zote, asikilizwe; asipigwe usiku. Nawe mzazi, mtoto akileta rafiki wa lugha nyingine, mpe nafasi kwenye sahani.