Jaji Mkuu wa Kenya

Jaji Mkuu ndiye kiongozi wa Idara ya Mahakama ya Kenya na rais wa Mahakama ya Juu, ambayo maamuzi yake yanazifunga mahakama nyingine zote nchini. Tangu Mei 2021 wadhifa huo unashikiliwa na Martha Koome, mwanamke wa kwanza kuupata.

Kabla ya Katiba ya 2010, Rais alimteua Jaji Mkuu amtakaye. Siku hizi Tume ya Huduma za Mahakama huwahoji waombaji hadharani na kupendekeza jina, nalo lazima liidhinishwe na Bunge la Taifa ndipo Rais ateue. Willy Mutunga alikuwa wa kwanza kupita njia hiyo, mwaka 2011. Jaji Mkuu hutumikia miaka isiyozidi 10, na akitimiza miaka 70 hustaafu hata kama muhula haujaisha.

Katika kuamua kesi, kura yake ni moja tu kati ya majaji saba, wala hawezi kumwamuru jaji mwenzake aamue vipi. Kesi ya kupinga uchaguzi wa rais huanzia na kuishia Mahakama ya Juu, tena kwa siku 14 tu tangu kuwasilishwa. Tarehe 1 Septemba 2017, Jaji Mkuu wa wakati huo, David Maraga, alitangaza kufutwa kwa uchaguzi wa rais kwa kura nne dhidi ya mbili, yake ikiwa miongoni mwa hizo nne. Uchaguzi ukarudiwa Oktoba.

Lipo jukumu lisilovuma sana, nalo ni zito: Mahakama Kuu ikithibitisha kuwa kesi ya kikatiba ina swali kubwa la kisheria, Jaji Mkuu ndiye huteua majaji wa kuisikiliza, idadi yao iwe witiri na wasipungue watatu. Pia huongoza Tume ya Huduma za Mahakama, na Rais mteule huapishwa mbele yake.

Kifungu cha 261 cha Katiba kinamtaka amshauri Rais avunje Bunge likishindwa kutunga sheria zinazoagizwa na Katiba. Maraga alitoa ushauri huo Septemba 2020, kwa kuwa Bunge halikuwa limetunga sheria ya kuzuia jinsia moja kuzidi theluthi mbili ya wabunge. Mahakama Kuu ilisimamisha utekelezaji wake, na Bunge likaendelea hadi uchaguzi wa 2022.