Jeshi la Burundi, jirani wa ng'ambo ya Ruzizi

Kutoka Uvira mpaka Bujumbura ni chini ya kilomita 30. Ukivuka mpaka wa Kavimvira, kitambo kidogo uko Gatumba. Burundi ni nchi ndogo, haifiki hata nusu ya Kivu Kusini. Lakini kila jeshi lake linapotikisika, wakaaji wa Uvira wanajua mapema, maana watu wanaanza kuonekana barabarani na vifurushi kichwani.

Wakati wa Wabelgiji, ulinzi wa Burundi ulikuwa mikononi mwa Force Publique, jeshi la Kongo. Kongo ilipopata uhuru mwaka 1960, ikabidi Warundi waandikishwe haraka. Siasa ikaliingilia jeshi hilo likingali changa. Mwezi wa kumi 1965 maafisa Wahutu walijaribu kupindua serikali, wakashindwa, wengi wakauawa. Mwaka uliofuata Michel Micombero, mwanajeshi, akamwondoa mfalme na kujifanya rais.

Mwaka ambao wazee wa hapa hawausahau ni 1972. Tarehe 29 mwezi wa nne uasi ulianza upande wa Rumonge na Nyanza-Lac, Watutsi wakauawa. Jeshi likajibu kwa kuua Wahutu nchi nzima: walimu, wanafunzi, wafanyakazi wa serikali, hata askari wenzao. Waliokufa wanahesabiwa kwa malaki. Mobutu alituma askari kumsaidia Micombero, na huku watu waliokimbia jeshi hilo wakaingia Uvira na bonde la Ruzizi. Kuna familia hapa ambazo maisha yao ya Kongo yanaanzia mwaka huo. Kwao gwanda la Burundi halikuwa alama ya ulinzi.

Jeshi likabaki karibu lote la Watutsi. Tarehe 21 mwezi wa kumi 1993 askari walimuua Melchior Ndadaye, Mhutu wa kwanza kuchaguliwa rais, akiwa na miezi mitatu tu madarakani. Vita vikazuka. Wapiganaji wa FDD walikuwa na maskani upande wa Uvira mpaka AFDL ilipouchukua mji huu mwezi wa kumi 1996.

Dawa ilitafutwa Arusha. Mkataba wa tarehe 28 mwezi wa nane 2000 ulisema kabila lolote lisizidi asilimia 50 ya jeshi. Mwisho wa 2004 ikatoka sheria ya jeshi jipya, FDN, na watu waliokuwa wanawindana porini wakavaa sare moja. Tangu mwisho wa 2007 walipelekwa pamoja Somalia. Hilo si jambo dogo, hata asiyelipenda jeshi hilo anapaswa kulikubali.

Ila hesabu ya makabila haimlindi kila mtu. Usiku wa tarehe 13 mwezi wa nane 2004, jeshi likiwa bado linaungwa, zaidi ya wakimbizi 150 kutoka Kongo, wengi wao Banyamulenge, waliuawa kambini Gatumba. FNL ilikiri. Askari wa Burundi walikuwa mita mia kadhaa tu kutoka hapo, na hawakuja kuokoa. Jamaa za waliokufa wanaliuliza jambo hilo mpaka leo.

Mwezi wa tano 2015 Jenerali Godefroid Niyombare alijaribu kumpindua Pierre Nkurunziza. Alishindwa, na Warundi wakavuka tena. Kambi ya Lusenda huko Fizi ikajaa. Safari hii askari waligawanyika kwa siasa kuliko kwa kabila.

Tangu tarehe 15 mwezi wa nane 2022 mambo yakageuka: askari wa Burundi wakaingia Kivu Kusini kwa mwaliko wa Kinshasa. Wakaaji wengi wa Uvira waliwaona kama msaada, na Banyamulenge wengi wa milimani wanawashutumu kuwafungia njia. Mwezi wa kumi na mbili 2025, M23 ilipoingia Uvira, makumi ya maelfu ya wakaaji walikimbilia Burundi, pamoja na watoto na wajukuu wa wale waliokuja huku 1972.

Katiba ya Burundi inasema kanuni ya asilimia 50 jeshini itadumu kwa muda utakaoamuliwa na Seneti. Seneti hiyo inakaa ng'ambo, lakini uamuzi wake unaweza kufika mpaka Kavimvira.