Bibi Mnyang'anyi na Wahakiki Wake

Katika miaka ile ya vita, ambapo tangu Juni 1941 Waingereza walinunua nguo kwa kuponi, na kwa sheria ya Desemba mwaka huo huo wanawake wakaanza kuandikishwa kwa lazima kwa kazi za vita, kampuni ya senema ya Gainsborough, ya mjini London, ilishika kazi ya kuzitwaa riwaya za mapenzi zilizopendwa na wasomaji wa kike na kuzigeuza filamu. Mwaka 1943 ilitoa The Man in Grey, kutokana na riwaya ya Lady Eleanor Smith. Na mwaka 1945, vita vimekwisha lakini kuponi bado, ikatoa The Wicked Lady, asili yake riwaya ya Magdalen King-Hall.

Wahakiki wa magazeti, ambao mizani yao siku hizo ilikuwa senema za hali halisi, za mabaharia na wafanyakazi na subira yao, waliipokea filamu hii kwa istihzai. Watu hawakuwasikiliza: mwaka 1946 hapakuwa na filamu ya Kiingereza iliyojaza majumba ya senema kuliko hiyo.

Kwa rai yangu, wahakiki hawakusema uwongo, bali walikosa insafu. Mazungumzo ya filamu ile ni mazito mdomoni, nami nakiri. Lakini tazama tukio moja. Barbara, anayeigizwa na Margaret Lockwood, mke wa tajiri aliyechoshwa na ukiwa wa shamba, anapoteza katika karata bizimu ya yakuti aliyoachiwa na mamaye. Basi usiku anavaa suruali na barakoa, anapanda farasi, analisimamisha gari la yule aliyemshinda, na kuitwaa bizimu yake. Na akisha kuonja ladha ile, haachi tena. Aliyekuwa akimtazama katika giza la jumba la senema ni mwanamke mwenye gauni lililotiwa viraka, aliyekwisha kuzoea kupangiwa kazi na mgao. Na mbele yake mahameli, atlasi, na mwanamke mwenziwe asiyemwomba mtu ruhusa. Kwamba mwishowe Barbara anauawa kwa risasi, hiyo ndiyo ada ya hadithi hizi, wala haifuti yaliyotangulia.

Ilipita takriban miaka arobaini, na studio zenyewe zimekwisha kufungwa zamani, ndipo wataalamu wa senema wa Uingereza walipozirudia filamu hizi na kuuliza waliokaa vitini walikuwa wakitafuta nini. Hukumu ya 1945 ilikuwa kali kupita kiasi, kwa kuwa swali hilo halikuulizwa.