Ratiba ya Setilaiti: Kupanga au Kuteua?

Wafasiri wengi, wakikutana na kazi ya kuipangia setilaiti mahali pa kupiga picha na saa yake, huandika "ratiba" na kupita. Neno ni zuri, lakini historia ya kazi yenyewe inadai zaidi.

Setilaiti ya Marekani iliyorushwa Julai 1972, ambayo mwaka 1975 ilipewa jina la Landsat, ilitazama chini moja kwa moja na kurudi mahali pale pale kila baada ya siku 18. Mpangaji aliamua hasa saa ya kuwasha na kuzima vyombo. Hata hilo lilikuwa na mipaka, kwani mbali na vituo vya kupokea picha ilitegemea vinasa viwili vya utepe, kila kimoja cha dakika 30. Hapo "ratiba" yatosha.

Februari 1986 Ufaransa ilirusha SPOT 1, yenye vioo vilivyoweza kugeuzwa hadi nyuzi 27 upande huu au ule. Maombi yakaanza kugombana: kioo kimoja hakitazami mashariki na magharibi kwa wakati mmoja, na wingu huenda likaliharibu hata ombi lililopewa nafasi. Anayepanga, basi, anamnyima mtu.

"Uratibu" nao umeshazoeleka maofisini kwa maana ya kuunganisha kazi za idara mbalimbali. Tusiutwishe mzigo wa pili. Napendekeza "uteuzi wa zamu". Anayeliona zito na atuletee lake, mradi lisifiche kwamba yako maombi yaliyoachwa.