Mwalimu wa Kwaya na Daftari Lake

Wimbo wa taifa wa Tanzania tunaujua wote. Sasa hebu mwulize jirani yako kwenye daladala tuni yake katunga nani. Wengi watakutajia Nyerere, wengine watasema wazungu. Jibu lenyewe, ndugu msomaji, ni mwalimu wa shule ya misheni aliyekuwa akifundisha watoto kuimba: Enoch Mankayi Sontonga.

Jamaa alikuwa Mxhosa, mzaliwa wa Uitenhage, Afrika Kusini, yapata mwaka 1873. Akasomea ualimu Lovedale, kisha akapelekwa Nancefield, karibu na Johannesburg, kwenye shule ya Wamethodisti. Johannesburg ya siku zile ilikuwa changa mno. Dhahabu ilikuwa imegunduliwa mwaka 1886 tu, na watu weusi walimiminika pale kuchimba utajiri usiokuwa wao. Mwalimu wetu akawa anafundisha, anaongoza kwaya, na pembeni anapiga picha. (Mshahara wa ualimu, kwani nikueleze?)

Alikuwa na daftari. Humo aliandika nyimbo alizowatungia wanafunzi wake, maneno pamoja na tuni. Tuni aliiandika kwa solfa, yaani zile herufi za d, r, m, f tunazoziona hadi leo kwenye vitabu vya kwaya zetu. Solfa haitaki kinanda wala ile mistari mitano. Ubao na chaki vinatosha, darasa zima linaimba sauti nne. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye siri ya safari ya wimbo huu: mtu yeyote aliyepita shule ya misheni aliweza kuunakili na kuondoka nao.

Nyimbo zake nyingi zilikuwa za huzuni, maana aliyaona mateso ya watu wake kwa macho. Mwaka 1897 akatunga Nkosi Sikelel' iAfrika, ubeti mmoja na kiitikio, basi. Mwaka 1899 ukaimbwa hadharani alipokuwa akiwekwa wakfu mchungaji mmoja Mtsonga. Tarehe 18 Aprili 1905 Sontonga akafariki, hata miaka 35 hajafika. Hakuwa ameona kitabu hata kimoja chenye jina lake.

Wenye kwaya wakawa wanakwenda kwa mjane wake, Diana, kuazima nyimbo. Kwaya ya Ohlange, ya shule ya John Dube, ikauvumisha wimbo ule. Tarehe 8 Januari 1912, chama kilichokuja kuitwa ANC kilipoanzishwa Bloemfontein, ukaimbwa. Sol Plaatje akaurekodi London mwaka 1923. Mshairi Samuel Mqhayi akauongezea beti saba, zikachapishwa mwaka 1927. Na mjane je? Inasimuliwa kwamba aliuza haki za wimbo kwa peni sita. Peni sita, jamani! Akafa mwaka 1929.

Wapo wanaosema tuni inafanana na Aberystwyth, wimbo wa kanisani wa Joseph Parry wa Wales. Labda. Mwalimu wa misheni alilelewa na nyimbo za namna hiyo, ungetaka atoe wapi masikio mengine? Lakini wa Parry haukuvuka mipaka kama huu: Tanganyika mwaka 1961 kwa maneno ya Kiswahili, Zambia mwaka 1964 kwa maneno yao, Zimbabwe kuanzia 1980 hadi 1994, na Afrika Kusini yenyewe tangu 1994.

Wakati huo wote kaburi lake halikujulikana lilipo. Lilikuja kupatikana miaka ya 1990 mwanzoni, makaburi ya Braamfontein, sehemu waliyotengewa Wakristo weusi. Sababu mojawapo ya kupotea ni ya kikarani tu: daftari la makaburi lilimwandika "Enoch" kama jina la ukoo, kwa hiyo waliotafuta kwenye herufi S hawakuona kitu. Tarehe 24 Septemba 1996 Mandela akaenda pale kuzindua mnara wa kumbukumbu, na safari hii jina likaandikwa lote.